Hewa ukaa ina mnunuzi, lakini faida imo udongoni

BIASHARA ya hewa ukaa inazidi kuwafikia wakulima wadogo wa Afrika Mashariki. Mkulima anaambiwa kwamba akirudishia ardhi yake rutuba atalipwa mara mbili: kwa mavuno, na kwa hewa ukaa iliyofungiwa udongoni. Kabla ya mwenye mtaji mdogo kuingiza fedha zake humo, ni vema akazitazama hesabu za magharibi mwa Kenya, ambako biashara hii imekwisha kujaribiwa.

Katika maeneo ya Kisumu na Kitale, shirika la Vi Agroforestry la Uswidi liliandaa mradi wa wakulima wapatao 60,000 wenye hekta zipatazo 45,000. Mwaka 2010 Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia ulitia saini mkataba wa kununua hewa ukaa hiyo. Januari 2014 zilitolewa hati za kwanza, za tani 24,788.

Bidhaa yenyewe

Hati moja ni sawa na tani moja ya hewa ukaa. Mmea huvuta hewa hiyo unapokua. Mabua, majani na mizizi vikiozea shambani, sehemu ya kaboni hubaki ardhini. Mabua yakichomwa na ardhi ikachimbuliwa kila msimu, kaboni hurudi hewani. Ndiyo maana wakulima walihimizwa kutumia samadi na mboji, kutandaza mabaki ya mazao, kuchanganya mahindi na mikunde, kupanda miti shambani na kuchimba makinga maji.

Udongo wa kila shamba haupimwi, kwani gharama ingemeza mauzo yote. Wakulima hutoa taarifa ya kazi waliyofanya, kisha kiasi cha kaboni hukadiriwa kwa kompyuta.

Hesabu ya mkulima

Tani 24,788 zikigawanywa kwa wakulima 60,000, kila mmoja hapati hata nusu tani. Wakati wa kutia saini, Benki ya Dunia ilieleza kuwa jamii husika zingenufaika moja kwa moja kwa zaidi ya dola 350,000 za Marekani. Kwa kichwa, hizo ni takriban dola 6. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, kilichokuwapo mwishoni mwa 2024, hazifiki shilingi 800 za Kenya. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulipangiwa shilingi 2,500 mwaka 2023. Hivyo malipo yote ya hewa ukaa hayanunui hata nusu mfuko.

Faida inakotoka

Je, mkulima amepoteza muda wake? La. Fedha iko kwenye udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi mwa Kenya ina tindikali, na matumizi ya DAP mwaka hadi mwaka huizidisha. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka, ikadhuru mizizi na kuifunga fosforasi. Mkulima hulipia mfuko mzima, mahindi yakala kipande. Chokaa hupunguza tindikali. Samadi na mboji huidhibiti aluminiamu na kushika maji. Mikunde nayo huongeza naitrojeni ambayo ingenunuliwa dukani.

Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo penye soko: chokaa ya kilimo, mbegu za mikunde, miche na samadi. Ni bidhaa zinazouzika hata bei ya hewa ukaa ikianguka. Tahadhari ni kwamba chokaa ni mzigo mzito wa bei ndogo. Safari ndefu ya lori humaliza faida.

Soma mkataba

Anayetaka kununua au kukusanya hati aulize mambo manne: hati ni mali ya nani, mkataba ni wa miaka mingapi, gharama za ukaguzi zinakatwa kabla au baada ya kugawana, na nani anabeba hasara mkulima akirudia kuchoma mabua. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi. Hata hivyo, mikataba ya jamii iliyotajwa humo ni ya ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Mwenye ekari mbili zake mwenyewe hutegemea zaidi karatasi aliyotia saini.

Kwa ufupi, mkulima aihesabu hewa ukaa kama nyongeza. Mpango usiomlipa kwa magunia ya mahindi hautamlipa kwa hati, na mwekezaji anayeutegemea atangoja sana.