Kwa nini mpiga picha za wanyama anahitaji jicho la pili

KINYOZI hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii inamfaa sana mpiga picha za wanyamapori, hasa anapoketi mbele ya kompyuta kuihariri kazi yake.

Chukua mfano wa kijana wa Kapkatet, Kaunti ya Kericho, aliyerauka alfajiri kumpiga picha mbega kwenye miti ya kando ya mto, ng'ambo ya shamba la majani chai. Amengoja saa tatu, ameloa umande, na hatimaye amempata. Kwake picha hiyo ni nzuri kwa kuwa anaikumbuka taabu yake. Mtazamaji haijui taabu hiyo. Yeye huona tu kilichomo ndani ya picha.

Mbega ni mtihani mgumu kwa kamera. Manyoya yake ni meusi ti na meupe pe. Kamera ikipima mwangaza kwa weusi, mkia huungua ukawa doa jeupe lisiloonyesha hata unywele mmoja. Ikipima kwa weupe, uso humezwa na kiza. Kwa kuwa weupe ulioungua kabisa haurudishwi na programu yoyote, ni heri kuulinda kwanza, kisha kuuinua weusi taratibu wakati wa kuhariri. Hilo huwezekana zaidi ikiwa faili ghafi ya kamera imehifadhiwa.

Aidha, mwanga unaopenya kwenye majani hutia ukijani katika manyoya meupe. Aliyeikodolea macho picha kwa muda mrefu huuzoea ukijani huo asiuone tena. Mwenzake huutambua mara moja.

Ndivyo ilivyo hata katika mpangilio. Mwenye picha alikuwa akitazama macho ya mnyama; hakuona kwamba tawi la nyuma limeota kichwani kama pembe, wala kwamba ncha ya mkia imekatwa.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Swali "Je, ni nzuri?" huzaa sifa tupu. Afadhali kuuliza: "Jicho lako limetua wapi kwanza? Ni kitu gani kinakusumbua?" Inafaa pia kuonyesha picha ya awali pamoja na iliyohaririwa, ili mshauri ajue kosa lilizaliwa porini au mezani.

Washauri wawe wa aina mbili: anayeijua kamera na anayemjua mnyama. Mtoto mchanga wa mbega huzaliwa akiwa mweupe mwili mzima. Asiyejua hilo anaweza kushauri apunguziwe mwangaza, na kumbe rangi hiyo ndiyo ya kweli.

Hata hivyo, si kila ushauri wa kufuatwa. Atatokea wa kusema, "Lifute tawi hilo." Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yanayoandaliwa na Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London, huruhusu marekebisho ya kiasi ya mwangaza na kupunguza kingo, lakini hukataza kuongeza au kuondoa kitu kilichokuwapo.

Waandalizi hao hawana mzaha na udanganyifu. Mnamo Aprili 2018, Marcio Cabral wa Brazil alivuliwa ushindi wa mwaka 2017 baada ya wataalamu kuamua kuwa mnyama mla mchwa aliyeonekana pichani alikuwa amekaushwa na kujazwa. Cabral alikana, lakini uamuzi haukubadilishwa.

Picha ya mnyama ni ushahidi kwamba alikuwapo, mahali pale, katika hali ile. Ushahidi ukipotoshwa, hata picha za kweli hushukiwa.

Basi dawa ya tawi lililoota kichwani haimo katika kompyuta. Kijana na arudi mtoni kesho alfajiri, asogee hatua mbili kando, kisha angoje tena.