Masurufu ya Hija Huandaliwa Nyumbani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakidai kuwa wanamtegemea Mwenyezi Mungu. Walipofika Makka waliwaomba watu. Ndipo ilipoteremka amri ya kuchukua masurufu, iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 197. Basi kutawakali si kutoka mikono mitupu. Masurufu ya zamani yalikuwa tende, maji na mnyama wa kupanda. Ya leo yana pasi, viza na cheti cha chanjo ndani yake.

Ijumaa moja mjini Moshi, baada ya swala, alinijia mzee mmoja wa Machame. Alikuwa amepata mnunuzi wa kipande cha kihamba chake, na wakala mmoja alimwahidi kumfikisha Makka kwa nusu ya gharama wanazolipa wenziwe. Nilipoitazama karatasi aliyopewa, niliona ni viza ya matembezi. Nikamwambia, “Mzee wangu, hii haikufikishi Arafa.”

Viza ni ipi?

Ndugu Muislamu, Hija ina viza yake. Viza ya matembezi humruhusu mtu kufanya Umra nje ya msimu wa Hija, lakini haimruhusu kuhiji. Katika Hija ya mwaka 2024, joto la Makka lilizidi nyuzi 51. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 ya marehemu hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi wao walitembea mwendo mrefu juani, bila ya hema wala mahali pa kupumzikia. Mwaka 2025 nchi hiyo ilitangaza faini ya hadi riyali 20,000 kwa anayehiji bila kibali, na mgeni anayefukuzwa nchini kwa kosa hilo huzuiwa kurudi kwa miaka 10. Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizia BAKWATA ya mkoa kama wakala huyo ameidhinishwa, na udai stakabadhi.

Karatasi na chanjo

Pasi ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, hudumu miaka 10. Wakati wa safari iwe imebakiwa na miezi sita au zaidi. Kuipata kunahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Wazee wengi waliozaliwa vijijini mlimani hawana cheti hicho, na wengine huitwa jina moja nyumbani na jingine katika kitambulisho. Kurekebisha mambo hayo huchukua muda, kwa hiyo anza mwaka mzima kabla.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti, nayo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Chukua pia kadi ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo huhesabiwa kuwa ya maisha. Mwenye kisukari au shinikizo la damu abebe dawa zake pamoja na cheti cha daktari. Wala usibebe mzigo wa mtu usiyemjua, kwani adhabu ya dawa za kulevya huko ni kali hadi kifo.

Tangu mwaka 2022 Saudi Arabia haimlazimishi mwanamke kufuatana na maharimu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mwanamke anaruhusiwa kwenda Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu.

Wazee wetu wa Machame, Kibosho na Marangu wana miguu iliyozoea kupanda na kushuka, na Sa’yi yenye mizunguko saba hupata kama kilomita tatu. Lakini miili yao imezoea baridi ya mlima. Wajizoeze kunywa maji mengi, na waende na mwavuli na viatu vilivyokwisha kuvaliwa.

Kihamba je?

Suratu Aal Imran, aya ya 97, imeifunga faradhi hii na uwezo. Uwezo ni kile kinachobaki baada ya madeni na matumizi ya wale unaowalisha mpaka urejee. Ama shamba ambalo mazao yake ndiyo riziki ya nyumba, wanazuoni wamehitilafiana: wako wanaowajibisha liuzwe, na wako wasiowajibisha. Basi mtu asiuze kabla ya kumuuliza mwanachuoni na kushauriana na mkewe na wanawe. Kisha aandike wasia na kuomba radhi kwa jirani zake.

Mzee yule aliirudisha karatasi ya wakala, kihamba kikabaki. Sasa yeye na wanawe huweka akiba kila wauzapo ndizi na kahawa. Aliniuliza, “Na nikifa kabla, Shehe?” Nikamjibu kuwa asiyeweza hana dhambi, na nia yake haipotei mbele ya Mola wake. Ama aliyekuwa na uwezo akaakhirisha mpaka akafa, warithi wake watoe katika mali aliyoiacha gharama ya mtu wa kumhijia, kabla ya kugawana mirathi.

Mwenyezi Mungu atujaalie Hija yenye kukubaliwa. Amin.