Je, Wajua? Mchele wa Plastiki Ulivyoishinda Sumukuvu Mbio

JE, WAJUA kwamba mchele wa plastiki uliozua taharuki Nigeria ulipimwa na haukukutwa na plastiki? Desemba 2016 maofisa wa forodha walikamata magunia 102 Lagos, wakatangaza kuwa ni plastiki tupu. NAFDAC, wakala wa chakula na dawa wa nchi hiyo, waliupima na kukuta mchele halisi, ila wenye bakteria kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kasoro ilikuwepo, tena ya kumlaza mtu na tumbo, lakini nani alihangaika kuisambaza? Plastiki ndiyo iliyovuka mipaka. Mwaka 2017 uvumi huo ulikuwa umeshafika Ghana, Gambia na Senegali, ukisindikizwa na video za matonge ya wali yanayodunda.

Na tonge la wali halisi hudunda! Wanga wa wali uliopikwa hunata, na ukiufinyanga unabana hewa ndani. Jaribu na kiporo cha jana, mama akiwa hayupo jikoni.

JE, WAJUA kwamba kinachotia kinyaa ndicho husimuliwa zaidi? Mwaka 2001 Chip Heath na wenzake, watafiti wa Marekani, waliwapa watu kisa cha panya aliyekutwa ndani ya soda. Katika toleo moja mnywaji alimwona kabla hajaonja. Katika jingine alishameza vipande. Kadiri kisa kilivyochefua ndivyo watu walivyokuwa tayari kukipeleka kwa wengine.

Twitter nako? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science ulifuatilia habari zilizosambazwa na watu wapatao milioni 3. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kurushwa tena kuliko ya kweli. Waliojibu za uongo walionyesha mshangao, hofu na kinyaa.

JE, WAJUA kwamba anayesambaza mara nyingi wala hajajiuliza kama jambo ni kweli? Gordon Pennycook, David Rand na wenzao walionyesha hivyo mwaka 2021. Ukimuuliza mtu moja kwa moja, huweza kupambanua vizuri tu; ila wakati wa kubonyeza kitufe, akili iko kwingine. Mimi nadhani iko kwa ndugu zake. Shangazi anayeandika "wapendwa, msile matikiti wiki hii" hatoi ripoti ya maabara, anawajali. Akikosea, amepoteza bando kidogo. Akinyamaza, kisha mtoto wa kaka yake akaugua, atabeba lawama za ukoo mzima. Kwa hesabu hiyo, hata mtu makini angetuma.

JE, WAJUA kwamba wapo waliosambaza ukweli wakafungwa? Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya unga ya watoto yalikutwa na melamini, kemikali inayodanganya kipimo cha protini ili maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane kamili. Watoto karibu 300,000 waliugua na 6 walikufa. Zhao Lianhai, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wagonjwa, alifungua tovuti ya kuwakutanisha wazazi. Novemba 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Mahali kama hapo, neno la jirani litakosaje kuaminiwa kuliko muhuri wa serikali?

Hata wenye maabara hukosea. Mei 2011 wakuu wa Hamburg walinyooshea kidole matango ya Hispania wakati watu wakiugua na kufa kwa bakteria. Chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizooteshwa.

Kenya, Julai 2019: runinga ya NTV ilirusha uchunguzi wa kemikali zinazotiwa kwenye nyama ya supamaketi ili ibaki nyekundu. Mitandao iliwaka. Nyekundu inaonekana, nayo inapigika picha.

JE, WAJUA kwamba sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, haina rangi, harufu wala ladha ya kuitambua, na moto wa jikoni hauimalizi? Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Hapo hakuna cha kudundisha mbele ya kamera, na bila picha hakuna wa kurusha. Mchele wa plastiki, ambao haujaua mtu, unajulikana na kila mwenye simu.

JE, WAJUA kwamba Aprili 2020 WhatsApp iliamua ujumbe uliokwisha kusambazwa mno upelekwe gumzo moja tu kwa wakati mmoja? Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Ujumbe huo huwekewa mishale miwili. Ukiunakili na kuubandika upya, mishale haionekani, na akina shangazi walishaligundua hilo zamani.