Je, Wajua? Mche wa Pilipili Ukilegea Baada ya Kupandikizwa

Je, wajua kwamba mche wa pilipili kulegea saa saba mchana, siku mbili tatu baada ya kutoka kitaluni, si ugonjwa? Mizizi midogo hukatika wakati wa kung'oa, na iliyobaki haiwezi kurudisha maji yanayopotea juani. Utazame alfajiri. Ukiwa umesimama, uache. Ukiwa bado umelala kabla jua halijachomoza, hapo kuna jambo.

Kwamba maji huua miche kama ukame unavyoiua? Mizizi huhitaji hewa. Chomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, weka ndoo chini.

Kwamba mche uliodonolewa kilele na kuku hauna sababu ya kung'olewa? Kwenye makwapa ya majani yaliyobaki kuna machipukizi yanayongoja, na wapo wakulima wanaokata kilele makusudi ili mche utanue matawi. Shina lililopinda bila kukatika kabisa, linyooshe, ulifunge kwenye kijiti kwa kitambaa laini.

Kwamba jani lililobabuliwa na jua halirudi kuwa kijani? Usilihangaikie. Jani la kutazamwa ni lile changa la katikati: likiwa safi, mche unapona.

Kwamba mche uliokutwa asubuhi umekatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota? Fukua taratibu udongo unaouzunguka, sentimita chache tu, utamkuta kiwavi amejikunja. Usipomtoa, usiku atahamia mche wa jirani.

Kwamba majani yanayojikunja kwenda juu mara nyingi ni dalili ya thripsi, na yanayojikunja kwenda chini yakawa membamba na magumu ni ya utitiri? Tofauti hii ina thamani ya fedha. Utitiri ni jamaa ya kupe na buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Mkulima hupulizia, huona majani yanazidi kukunjamana, hupulizia tena.

Kwamba mvuta sigara anaweza kuambukiza miche kwa vidole vyake? Pilipili na tumbaku ni ukoo mmoja, pamoja na nyanya, bilinganya na viazi mviringo. Virusi vya batobato ya tumbaku huvumilia kukaushwa, hukaa ndani ya sigara, na huingia kwenye mche kupitia michubuko midogo ya kupandikiza. Ndivyo virusi vya kwanza kabisa kutambuliwa duniani: mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alipitisha utomvu wa tumbaku mgonjwa katika chujio linalozuia bakteria, na utomvu ule ukaendelea kuambukiza. Dawa yake haipo hadi leo. Mche wenye mabaka ya kijani kibichi na manjano ung'oe, uchome moto, kisha unawe kwa sabuni kabla hujagusa mwingine. Wapandikizaji wengine huchovya mikono kwenye maziwa yaliyoondolewa mafuta, kwa kuwa protini yake hupunguza maambukizi.

Kwamba glasi ya maji inaweza kukuambia kama ni mnyauko wa bakteria? Mche ukinyauka ghafla majani yakiwa bado kijani, kata shina karibu na mizizi, uning'inize kipande ndani ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe zikishuka polepole kutoka pale ulipokata, hao ni bakteria. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na ningependa kila mkulima akifanye kabla ya kwenda duka la pembejeo, kwa sababu dawa ya ukungu atakayouziwa haitasaidia kitu. Hapo usirudishie pilipili, nyanya wala bilinganya, panda mahindi.

Kwamba urea huweza kumalizia mche mgonjwa? Huunguza mizizi iliyojeruhiwa. Subiri majani mapya yatoke. Na mche unaojikongoja ukitoa ua, litungue, nguvu zirudi kwenye mizizi.