Adui wa Adui: Methali na Idadi ya Makundi

Husemwa kuwa adui wa adui ni rafiki. Kauli hii, ikichukuliwa kuwa kanuni, ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwani huamua jamii yaweza kugawanyika makundi mangapi.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia Fritz Heider alieleza kuwa uhusiano wa watu watatu hutulia iwapo wote ni marafiki, au iwapo wawili ni marafiki na wa tatu ni adui wa wote wawili. Mwaka 1956 Dorwin Cartwright na Frank Harary walionyesha kwa hisabati matokeo ya kanuni hiyo: ikitimia kila mahali, jamii huwa kundi moja lenye mapatano, ama makundi mawili yanayopingana. Hakuna la tatu.

Mwaka 1967 James Davis alilegeza sharti hilo. Watatu waweza vilevile kuwa maadui kila mmoja kwa mwenzake, pasipo kulazimika kupatana. Kinachotatiza mgawanyo ni hali kama ile ya mtu mwenye marafiki wawili ambao wao kwa wao ni maadui. Kwa hiyo makundi yaweza kuwa matatu, manne au zaidi.

Hoja hii hudhihirika kwa Wagahuku-Gama wa nyanda za juu za New Guinea, ambao Kenneth Read aliandika habari zao mwaka 1954. Katika jumuiya zao 16 yalihesabiwa mahusiano 58: 29 ya urafiki na 29 ya uadui. Ili kuyapata makundi, hutafutwa mgawanyo wenye kasoro chache kabisa. Kasoro ni urafiki unaovuka mpaka wa makundi, au uadui uliomo ndani ya kundi moja. Kazi hiyo si nyepesi, maana jumuiya 16 zaweza kugawanywa mafungu mawili kwa njia 32,767. Makundi yakilazimishwa kuwa mawili, kasoro hazipungui 7. Yakiruhusiwa kuwa matatu, hubaki 2 tu.

Basi methali ile si sheria. Msuluhishi anayewataka watu wachague mmoja kati ya pande mbili huenda akawafunga pamoja watu ambao hawana urafiki wowote, ila wana adui mmoja.