Fukusi wa Migomba Hufikaje Shamba Jipya?

Mgomba ukianguka na mkungu wake ungali mchanga, usiharakishe kulaumu upepo. Pasua kwanza tunguu, yaani shina lake nene lililo chini ya udongo. Ukikuta limetobolewa vijia vyeusi vilivyojaa uozo, aliyeuangusha ni fukusi wa migomba, ambaye wataalamu humwita Cosmopolites sordidus.

Fukusi mzima ni mweusi, mgumu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, na urefu wake ni kama sentimita 1 hadi 1.5. Mchana hujificha penye unyevu, kati ya maganda ya mgomba au chini ya matandazo, usiku hutembea. Mabawa anayo, ila huruka kwa nadra sana. Jike hutoboa kishimo kwa mdomo wake pale mgomba unapokutana na udongo, hutaga humo yai moja jeupe la milimita 2, kisha huenda zake. Shambani hutaga yai moja hadi matatu tu kwa wiki. Kwa mdudu, hayo ni machache mno, ndiyo maana shamba jipya huonekana salama kwa muda mrefu. Lakini fukusi huweza kuishi miaka 2, na kila yai limewekwa palepale penye chakula.

Baada ya takriban wiki moja hutoka funza mweupe asiye na miguu, kichwa chake cha kahawia. Huyu ndiye mharibifu hasa. Hula ndani ya tunguu kwa karibu mwezi mzima, na kwa kuwa mizizi huota kwenye tunguu hilo, mgomba hukosa maji, mkungu hudumaa, na shina hupoteza pa kujishikilia. Hugeuka pupa humohumo, na wiki moja baadaye fukusi mpya yuko tayari. Penye baridi ukuaji huu huchelewa. Ndiyo maana nyanda za juu sana hazisumbuliwi naye kama sehemu za chini za mkoa wa Kagera.

Basi mdudu anayeruka kwa nadra hivi hufikaje shamba jipya? Tunambeba sisi, ndani ya machipukizi tunayopeana kwa wema. Nawasihi wakulima: menyeni tunguu la chipukizi mpaka weupe utokee, na lenye vijia msilipande. Penye uwezo, lililo safi litumbukizwe kwenye maji ya nyuzijoto 52 hadi 55 kwa dakika 20. Mashina yaliyovunwa yakatwekatwe yakauke upesi, maana kwenye mabaki mabichi fukusi huendelea kutaga.