Hadubini Iliyokaza Haijafa

Huenda katika kabati la shule yenu, au la zahanati ya misheni, imo hadubini ya zamani isiyotumika tena. Lenzi zake ni nzima, wala kioo chake hakikuvunjika, lakini kifundo cha kuiinulia na kuishushia hakizunguki. Watu husema, "Imekufa." La, imekaza tu.

Si jambo dogo. Mwaka 1880, huko Constantine katika nchi ya Aljeria, mganga Mfaransa Laveran aliviona kwa hadubini vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Hata leo, ingawa viko vipimo vya haraka, hadubini humwonyesha mganga wingi wa vijidudu hivyo. Lakini kifundo kikikaza, mkono hutumia nguvu. Mara kinaachia ghafula, lenzi inashuka na kukivunja kioo chenye damu. Mtoto mwenye homa huendelea kungoja.

Sababu ya kukaza ni nini? Ni grisi ya zamani. Miaka ikipita hukauka, hushika vumbi letu jekundu la kiangazi, ikawa kama gundi. Tena vyombo vingi vya kale vilitengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu, kama ile ya viwanda vya Likasi, iliyochanganywa na zinki. Asidi ya grisi iliyochacha huila shaba hiyo, na grisi yenyewe hugeuka kijani.

Basi, mwenye kutengeneza afanye hivi. Kwanza aondoe lenzi zote na kuzifunika vizuri, maana mafuta na dawa za kusafishia huziharibu. Pili, achore kila kipande mahali pake kabla ya kukitoa, na parafujo azipange sahanini kwa taratibu. Bisibisi iwe ya kadiri ya parafujo, isiikwaruze.

Kipande kikikataa kutoka, asikipige nyundo. Atie matone ya mafuta ya taa, mbali na moto, akiache hata kesho. Kisha gurudumu la meno na njia ya kutelezea avisugue kwa mswaki laini na kuvipangusa kwa kitambaa, mpaka kitambaa kitoke safi. Msasa usitumike kabisa, kwa kuwa hula chuma na kuleta ulegevu usioponyeka. Wala spiriti isiguse rangi ya nje ya shaba, maana mara nyingi huiyeyusha.

Mwishoni apake grisi mpya, kidogo tu, kama utando mwembamba. Mawese na mafuta mengine ya kupikia hayafai: hayo nayo yatachacha na kuganda. Kifundo kizunguke kwa wororo, lakini lenzi isishuke yenyewe kwa uzito wake. Kile kifundo kidogo cha kusogeza polepole kina springi na vipande vyembamba ndani. Asiyekijua asikifungue, amwachie fundi.

Enyi wanafunzi, chombo kilichokabidhiwa shule ni talanta. Yule mtumwa wa Injili hakulaumiwa kwa kuipoteza talanta yake, bali kwa kuifukia. Kabati lenye vumbi nalo ni kaburi la talanta. Lifungueni, mkimwomba kwanza mwalimu wenu ruhusa, na mfanye kazi kwa saburi.